Viti vya Kanisa na Nasaba za Kijiji: Richard Gough na Hazina za Historia ya Myddle

1.0 Utangulizi

Utafiti wa historia ya vijiji vya Uingereza ulipata hadhi ya taaluma kamili mnamo mwaka 1948, W. G. Hoskins alipopewa jukumu la kuongoza idara ya historia ya mahali katika Chuo Kikuu cha Leicester, ambacho wakati huo kilikuwa bado chuo kishiriki. Kabla ya hapo, historia ya kijiji ilikuwa kazi ya makasisi na wenye mashamba waliokuwa na nafasi ya kupekua nyaraka. Hoja ya Hoskins na wafuasi wake ilikuwa kwamba mkulima, mfumaji na mjane aliyelishwa kwa fedha za parishi wana historia yao, na kwamba historia hiyo inaweza kuandikwa kwa sababu nyaraka zinazowataja zimehifadhiwa.

Hata hivyo, nyaraka zina tabia zake. Kila hati iliandikwa kwa haja fulani, na haja hiyo ndiyo iliyoamua nani atajwe na nani aachwe. Makala hii inachunguza suala hilo kwa kuangalia kijiji kimoja, Myddle, kilichoko katika kaunti ya Shropshire, kaskazini ya mji wa Shrewsbury. Myddle ina bahati ambayo vijiji vingi havikupata. Mbali na rejista, hati za wasia na kumbukumbu za mahakama, kijiji hiki kina matini ya masimulizi iliyoandikwa na mwenyeji wake, Richard Gough, kati ya miaka 1700 na 1702. Dai la makala hii ni kwamba nyaraka za kawaida za nasaba humpoteza mtu asiyeacha mtoto, ardhi wala kaburi katika parishi yake, na kwamba Gough alimhifadhi mtu huyo kutokana na umbo alilolichagua kwa usimulizi wake. Aidha, itaonyeshwa kwamba umbo hilohilo lina mipaka ambayo mtafiti wa nasaba hana budi kuitambua.

2.0 Nyaraka za Nasaba na Tabia Zake

Hazina ya kwanza ya mtafiti wa kijiji cha Kiingereza ni rejista ya parishi. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parishi iweke daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Madaftari mengi ya mwanzo yalikuwa ya karatasi na yaliharibika. Mwaka 1598 iliagizwa kwamba yanakiliwe kwenye ngozi, hasa kuanzia mwaka 1558 Malkia Elizabeth alipoanza kutawala, na kwamba nakala ipelekwe kwa askofu kila mwaka. Kwa hiyo, pale rejista yenyewe ilipopotea, mara nyingine nakala ya askofu huziba pengo.

Ni muhimu kutaja hapa kwamba rejista ni orodha ya ibada, wala si orodha ya watu. Huandika ubatizo, na mara nyingi haiandiki siku ya kuzaliwa. Huandika mazishi, na aghalabu haitaji sababu ya kifo. Waliojitenga na kanisa la taifa, kama Wabaptisti na Wakweka, huonekana humo kwa nadra. Hadi sheria ya ndoa ya mwaka 1753 ilipoanza kutumika mwaka 1754, ndoa nyingi zilifungwa kwa njia zisizoacha maandishi ya kutegemewa. Fomu zilizochapwa za ubatizo na mazishi zilianza mwaka 1813, na uandikishaji wa kiserikali wa vizazi na vifo ulianza tarehe 1 Julai 1837. Sensa ya kwanza ilifanyika mwaka 1801, lakini ni kuanzia ile ya 1841 ambapo majina ya watu yalihifadhiwa kwa utaratibu nchini kote.

Jambo jingine linalomtatiza mtafiti mgeni ni kalenda. Kabla ya mwaka 1752, mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Gough mwenyewe alibatizwa Januari ya mwaka ambao rejista ya enzi yake ingeuita 1634, na ambao kwa hesabu ya leo ni 1635. Mtafiti asiyelifahamu hili anaweza kumkuta mtoto aliyezikwa kabla ya kubatizwa, na akadhani kasisi alikosea.

Hazina ya pili ni nyaraka za mali. Hati za wasia zilithibitishwa na mahakama za kanisa hadi mwaka 1858, na nyingi ziliambatana na orodha ya vitu vya marehemu: vitanda, masufuria, ng'ombe, nafaka iliyo ghalani. Kumbukumbu za mahakama ya bwana wa ardhi, ambazo hadi mwaka 1733 kwa kawaida ziliandikwa kwa Kilatini, zinaonyesha shamba likitoka mkono mmoja kwenda mwingine. Katika sehemu za magharibi ya Uingereza palikuwa pia na mikataba ya kukodi ardhi kwa maisha ya watu watatu. Mkataba wa namna hiyo uliwataja watu watatu, kwa mfano mume, mke na mwana wao, na ulidumu mpaka wa mwisho wao afariki. Karatasi moja ya shamba huweza kumpa mtafiti vizazi viwili vya ukoo. Kodi ya meko, iliyotozwa kati ya 1662 na 1689, inataja wenye nyumba na idadi ya meko yao, na kwa njia hiyo hutoa picha ya tabaka za kijiji.

Hazina ya tatu ni nyaraka za umaskini. Sheria ya maskini ya mwaka 1601 iliifanya kila parishi iwajibike kwa maskini wake, nayo sheria ya makazi ya mwaka 1662 ikatoa utaratibu wa kumrudisha mgeni katika parishi yake kabla hajawa mzigo. Matokeo yake ni mahojiano, vyeti vya makazi na amri za kuhamishwa, ambamo watu wasio na ardhi hutajwa kwa kirefu kuliko popote pengine. Ni kinaya kwamba maskini hupata wasifu pale tu parishi inapotaka kumfukuza.

Nyaraka zote hizi zina sifa moja inayofanana. Mtafiti wa nasaba huzitumia kwa kupanda: huanza na mtu anayemfahamu, akapanda kwa baba yake, kisha kwa babu yake. Njia hii humfikisha kwa mababu tu. Ndugu wa babu aliyekufa kijana bila mtoto hasimami kwenye njia hiyo, wala hakuna anayeshuka kumtafuta.

3.0 Gough na Mpango wa Viti

Richard Gough aliishi Newton on the Hill, kitongoji cha parishi ya Myddle, hadi alipofariki mwaka 1723. Alisoma, alijua Kilatini, na ujanani alikuwa karani wa Robert Corbet, bwana wa eneo hilo aliyekuwa pia hakimu. Alikuwa mkulima mwenye ardhi yake, wala hakuwa lodi wala kasisi. Alipoanza kuandika alikuwa amefikia umri wa miaka 65 hivi. Sehemu ya kwanza ya kazi yake inafuata desturi ya waandishi wa mambo ya kale wa karne ya 17: mipaka ya parishi, ngome, mashamba, makasisi waliotangulia. Ingelikuwa imekoma hapo, huenda ingelikumbukwa na wachache.

Sehemu ya pili ndiyo inayohusika hapa. Gough alichora ramani ya viti vya kanisa, akakitaja kila kiti na nyumba iliyokimiliki, kisha akasimulia habari za familia zilizokaa katika nyumba hiyo. Viti vya Myddle vilikuwa mali ya mashamba, si ya watu. Anayeingia shambani aliingia pia kwenye kiti chake. Wenye mashamba makubwa walikaa mbele, wenye mashamba ya wastani katikati, na wenye vibanda nyuma au kando ya ukuta wa kusini. Gough anaeleza jinsi ilivyoonekana ni aibu kwa wavulana na watu wasiolipa kodi ya kanisa kukaa mbele ya watu bora wa parishi. Kwa hiyo, mpango wa viti ulikuwa ramani ya heshima, na kila Jumapili wanakijiji waliisoma ramani hiyo kwa miili yao.

Kwa mtazamo wa kihakiki, umbo hili lina athari tatu katika usimulizi. Kwanza, linaiweka nafasi mbele ya wakati. Msomaji aliyezoea tarihi za pwani ya Afrika Mashariki, kama vile Habari za Pate inayofuata mfululizo wa watawala wa Kinabahani, hutarajia enzi moja ifuate nyingine. Kwa Gough, msomaji husogea kutoka kiti hadi kiti, na katika kila kiti hurudi nyuma miaka mia moja na kushuka tena hadi mwaka 1701. Kifo kilichosimuliwa katika kiti kimoja hutangulia harusi inayosimuliwa katika kiti kinachofuata. Wakati unajirudiarudia, lakini kanisa limesimama palepale.

Pili, mhusika mkuu wa kila sura ni nyumba. Familia huja na kuondoka. Nyingine hupoteza ardhi kwa pombe, nyingine kwa kesi, nyingine kwa kukosa mrithi. Gough anarejea mara nyingi kwenye dhamira ya ulevi unaomaliza urithi, bila kujali kama mlevi ni mume au mke.

Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi, umbo hili humlazimisha msimulizi kwenda kando. Kwa kuwa anaeleza nyumba, hana budi kuwataja wote waliotoka ndani yake: mwana wa kwanza aliyerithi, wa pili aliyekwenda kujifunza ufundi, binti aliyeolewa parishi ya jirani, mtumishi aliyelala ghalani. Ndiyo maana matini inachukua pia visa vilivyo mbali na kiti chochote. Mfano ni kisa cha Thomas Elks, aliyemzamisha mtoto wa nduguye katika ndoo ya maji ili arithi mali, akakimbia, na kama ilivyosimuliwa, akasalitiwa na kunguru wawili waliomfuata mpaka alipojificha. Hapa usimulizi wa simulizi za mdomo umeingia ndani ya hati ya viti, na Gough hakuona haja ya kuutenga.

4.0 Waliokufa Mbali na Rejista

Mfano bora wa nguvu ya umbo hili ni maelezo ya Gough kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1642 kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge. Gough alikuwa mtoto wa miaka saba hivi vita vilipoanza. Miaka hiyo ni ya matatizo kwa watafiti wa rejista nchini kote, kwani katika parishi nyingi makasisi walifukuzwa na madaftari yakaachwa bila kuandikwa ipasavyo. Lakini hata rejista iliyotunzwa vizuri isingeliweza kuwaandika watu ambao Gough anawataja, kwa sababu hawakuzikwa Myddle.

Gough anasema kwamba kutoka vitongoji vitatu tu, yaani Myddle, Marton na Newton, walikwenda wanaume wasiopungua 20 kumpigania mfalme, na 13 kati yao waliuawa. Kisha anawataja mmoja baada ya mwingine. Yumo Richard Chaloner, mwana wa nje ya ndoa, aliyekuwa akilelewa kwa sehemu kwa fedha za parishi. Alipokuwa kijana mkubwa alikwenda Shrewsbury, akaandikishwa jeshini, akaenda kwenye mapigano ya Edgehill ya tarehe 23 Oktoba 1642, na habari zake hazikusikika tena. Yumo mshonaji nguo aliyekuwa akizunguka parishi akitafuta kazi bila kuwa na makao. Yumo Reece Vaughan, aliyeuawa katika ngome ya Hopton, na pamoja naye John Arthur, mtumishi wa baba yake Gough.

Inafaa kutazama kwa makini jinsi watu hawa wanavyotambulishwa. Reece Vaughan anaelezwa kuwa ndugu wa William Vaughan mfumaji, na ndugu wa Margaret mke wa Francis Cleaton. Chaloner anaunganishwa na Allen Chaloner, mhunzi wa kijiji. Arthur anatambulishwa kwa kazi aliyoifanya katika nyumba ya watu. Hakuna kati yao anayetambulishwa kwa wanawe. Nasaba yao ni ya pembeni: ndugu wa fulani, mtumishi wa fulani. Mtafiti anayepanda kutoka kwa kizazi cha leo hawezi kumfikia kijana wa Edgehill, kwa kuwa hakuna anayejulikana kushuka kutoka kwake. Gough alimfikia kwa kuwa alikuwa akitembea kutoka nyumba hadi nyumba, na kwenye nyumba ya mhunzi kijana huyo alikuwa bado anakumbukwa miaka 60 baadaye.

Kwa upande wa Bunge, Gough anasema walikwenda wachache, na hakuna aliyemjua kuwa aliuawa. Anamtaja John Mould, aliyepigwa risasi mguuni. Mguu ulipona, lakini ulibaki umepinda maisha yake yote. Hakuna rejista ya ubatizo au mazishi ambayo ingeliona haja ya kuuandika mguu huo. Hali kadhalika, Gough anasimulia kisa cha ofisa wa mfalme aliyeitwa Collins, aliyepigwa risasi na askari wa Bunge hapohapo Myddle alipokuwa amekuja kwa mhunzi. Gough, akiwa mvulana, alikwenda na kasisi, akamwona mtu huyo amelala na damu ikitiririka sakafuni. Hapa mwandishi ni shahidi, na sauti yake inabadilika: sentensi zinakuwa fupi, na maadili hayatajwi.

Baada ya orodha yake, Gough anatoa hitimisho la kihesabu: ikiwa vitongoji vitatu vilipoteza watu wengi kiasi hicho, basi ni maelfu mangapi walikufa katika nchi nzima? Swali hilo ndilo linaloigeuza historia ya kijiji kuwa historia ya taifa, na mwandishi aliliuliza mapema kuliko wanahistoria wa taaluma.

5.0 Mipaka ya Matini: Wasio na Kiti

Pamoja na sifa hizo, itakuwa kosa kumchukulia Gough kama sauti ya kijiji kizima. Mlango wa kuingilia katika kitabu chake ni kiti, na kiti ni ardhi. Kijana Chaloner alikumbukwa kwa sababu aliambatana na ukoo wenye nyumba ya kudumu. Mgeni aliyekodi chumba kwa msimu mmoja, akafanya kazi ya mavuno na kuondoka, hana nyumba ambayo msimulizi atabisha hodi.

Na wageni kama hao hawakuwa wachache vijijini. Peter Laslett alipochunguza orodha mbili za wakazi wa Clayworth, kijiji cha Nottinghamshire, moja ya 1676 na nyingine ya 1688, aligundua kwamba zaidi ya nusu ya watu wa orodha ya kwanza hawamo katika ya pili, wengine kwa kufa, wengi kwa kuhama. Picha ya kijiji cha Kiingereza ambamo ukoo uleule ulikaa palepale kwa karne nyingi haikubaliani na ushahidi huo. Gough anatupa ukoo uliokaa, na kwa ustadi wake anaweza kumfanya msomaji asahau waliopita njia.

Maskini wanaonekana kwa wingi mwishoni mwa kitabu, katika sehemu ya kesi kati ya Myddle na parishi nyingine juu ya nani amlishe nani. Hapo mtazamo wa Gough ni wa mlipa kodi. Anaandika gharama, mawakili na ushindi wa parishi. Mtu anayegombaniwa ni mada ya kesi zaidi kuliko mhusika wa kisa. Wanawake nao huingia kwenye matini hasa kwa ndoa, yaani kwa kutoka kiti cha baba kwenda kiti cha mume.

Gough hakuwa kipofu kwa lawama. Alifahamu kwamba wajukuu wa watu aliowaandika walikuwa wamekaa mbele yake kanisani, na aliwajibu mapema wale watakaomlaumu kwa kufichua maovu ya mababu zao kwa kuwataka wajihadhari wasifuate njia hiyohiyo. Jibu hilo linaonyesha kwamba nasaba kwake ilikuwa jambo la maadili, na kwamba kumbukumbu ilikuwa na uwezo wa kuaibisha. Rejista haimwaibishi mtu kwa namna hiyo, ila pale inapoandika kwamba mtoto amezaliwa nje ya ndoa.

6.0 Hatima ya Matini na Matumizi Yake

Kazi ya Gough haikuchapishwa uhai wake. Sir Thomas Phillipps aliichapisha kwa mara ya kwanza, ingawa si kwa ukamilifu, mwaka 1834, na akaipa jina linaloitangaza kuwa picha ya tabia ya binadamu. Toleo kamili lilitoka Shrewsbury mwaka 1875, na mwaka 1981 toleo lililohaririwa na David Hey liliifikisha kwa wasomaji wengi. Mabadiliko ya majina yanasema mengi: kwa mwandishi ilikuwa hati ya parishi, kwa mchapishaji wa 1834 ilikuwa burudani ya kibinadamu, na kwa wanahistoria wa karne ya 20 ilikuwa ushahidi.

Ni Hey (1974) aliyefanya kazi ya kuilinganisha matini hii na rejista, hati za wasia, orodha za mali na nyaraka za bwana wa ardhi. Matokeo yake yalionyesha kwamba kwa jumla Gough ni wa kutegemewa, hata alipotegemea kumbukumbu. Ulinganishi huo una funzo la kimbinu. Rejista inathibitisha tarehe ambazo Gough alizikadiria. Gough anaeleza kwa nini jina fulani linatoweka ghafla katika rejista. Moja bila ya nyingine humpotosha mtafiti.

Hivi leo kazi ya kutafuta majina imekuwa nyepesi. Tangu kanuni ya kanisa ya mwaka 1978, rejista za kale za Uingereza hupaswa kuwekwa katika hifadhi za nyaraka za majimbo ya kanisa isipokuwa parishi itimize masharti ya kuzitunza yenyewe, na nyingi zimepigwa picha na kuwekewa faharasa za kompyuta. Mtu anaweza kupata mababu kumi kwa siku moja. Lakini faharasa hujibu swali la jina tu, na anayeuliza jina hupewa jina. Faharasa haimwambii kwamba mhunzi alikuwa na mwana wa ndugu yake aliyekwenda vitani na hakurudi.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba nyaraka za historia ya kijiji zapaswa kusomwa pia kama matini zenye umbo, na kwamba umbo ndilo linaloamua nani akumbukwe. Rejista humkumbuka aliyebatizwa na kuzikwa nyumbani. Wasia humkumbuka mwenye mali. Amri ya kuhamishwa humkumbuka asiyetakiwa. Mti wa nasaba humkumbuka aliyezaa. Gough, kwa kuandika kwa kufuata viti ambavyo vilitengenezwa ili kuwatenga watu kwa daraja, aliwaingiza watu ambao hakuna hati nyingine iliyowahitaji, mradi walikuwa na ndugu au bwana mwenye kiti.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, Myddle inatoa mfano wa jinsi mpangilio wa visa unavyoweza kuwa na uzito sawa na visa vyenyewe. Kwa mtafiti wa nasaba, inatoa shauri la kiutendaji: baada ya kupanda hadi kwa babu, ashuke na kuuliza ndugu zake walikwenda wapi. Richard Chaloner, mtoto wa parishi, hana kaburi linalojulikana, na mapigano aliyokwenda kupigana yamehesabiwa kwa majina ya majemadari. Anajulikana leo kwa sababu mzee mmoja wa Newton, alipofika kwenye habari za nyumba ya mhunzi, alisita na kumwandika.